Matundu ya wadudu hayathibitishi umri: kulichunguza kabati la kale na kuizeesha meza mpya

Swali la msomaji: "Ndugu mtaalamu, nimeonyeshwa kabati la mbao lenye droo nne ambalo muuzaji anasema lina umri wa zaidi ya miaka 150. Lina matundu mengi ya wadudu, ubavu mmoja umepasuka, rangi yake ni kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, na ni zito mno. Muuzaji hana karatasi yoyote ya kuthibitisha asili yake. Nikilinunua ninakusudia kulipiga msasa na kulipaka vanishi mpya ili ling'ae. Pia nina meza mpya ya msonobari ambayo ningependa ionekane ya zamani ili iendane na kabati hilo. Nimesikia kuwa wengine hutumia siki na chuma, na wengine huipiga meza kwa mnyororo. Ninaogopa kudanganywa, na vilevile ninaogopa kuharibu. Naomba mwongozo."

Ndugu msomaji, hofu zako mbili zina msingi. Ya kwanza ni ya kulipia uzee ambao haupo, na ya pili ni ya kuuharibu kwa mikono yako uzee ambao upo. Nitaanza na kabati kwa sababu bado hujalipa, na huu ndio wakati ambao uchunguzi una faida kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Meza itafuata, na utaona kwamba anayeelewa namna mbao zinavyozeeka zenyewe ndiye anayeweza pia kuzizeesha kwa namna inayopendeza.

Kwanza niondoe dhana moja ambayo imewagharimu wanunuzi wengi. Dalili ulizozitaja, yaani matundu, ufa, weusi na uzito, hazithibitishi umri, kila moja peke yake wala zote kwa pamoja. Wadudu wanaobungua mbao huweza kuingia katika fanicha iliyotengenezwa miaka michache iliyopita. Ufa hutokea hata ndani ya msimu mmoja ikiwa mbao hazikukauka vizuri kabla ya kuundwa. Weusi unaweza kuwa rangi ya kopo, moshi, au polishi iliyopakwa mara nyingi juu ya uchafu, na uzito hutegemea aina ya mti na unene wa mbao. Mtu anayekusudia kudanganya anafahamu kwamba mnunuzi huzitafuta dalili hizi, na kwa sababu hiyo huzitengeneza kabla ya kitu kingine chochote.

Usidhani kuwa wanaodanganywa ni wageni wa fani hii peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mchongaji mmoja wa Rhode Island nchini Marekani, Armand LaMontagne, aliunda kiti cha mtindo wa karne ya 17, akakizeesha kwa ustadi, kisha akakiacha kiingie sokoni bila kusema ni chake. Mwaka 1970 jumba la makumbusho la Henry Ford katika jimbo la Michigan likakinunua likiamini kuwa ni kiti halisi cha kale, na ukweli ulijulikana hadharani mwaka 1977. Uso wa kiti ulikuwa umewaridhisha wataalamu. Kilichokifichua kiti hicho ni matundu ya viungo, ambayo yalipopigwa picha ya eksirei yalionyesha umbo la keekee ya kisasa ndani ya mbao. Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu kinafundisha mahali pa kutazama: ndani, chini na nyuma, kule ambako mtengenezaji hakutarajia jicho la mnunuzi lifike.

Sasa tuelewe mbao zenyewe. Mbao ni nyuzi zilizolala kuelekea upande mmoja, na zinapopoteza unyevu husinyaa kwa upana lakini kwa urefu wa nyuzi karibu hazisinyai kabisa. Kutoka ubichi hadi ukavu mbao nyingi hupungua kwa upana kwa asilimia kadhaa, ilhali kwa urefu upungufu ni kama sehemu moja au mbili tu za kumi za asilimia moja. Hata baada ya kukauka huendelea kupanuka na kusinyaa kidogo kila unyevu wa hewa unapobadilika, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana meza ya duara iliyokaa miongo mingi mara nyingi huwa si duara tena: ukiipima kukata nyuzi na ukaipima tena kufuata nyuzi, kipimo cha kwanza huwa kifupi kwa milimita kadhaa.

Katika kabati la droo kanuni hiyo huacha alama ambazo ni vigumu sana kuziigiza. Mbao za ubavuni kwa kawaida huwa na nyuzi zinazosimama wima, kwa hiyo ubavu husinyaa kutoka mbele kwenda nyuma. Vipande vinavyobeba droo, vilivyopigiliwa ndani ya ubavu huo, vina nyuzi zinazolala, navyo havisinyai kuelekea huko. Ubavu unataka kupungua, vipande hivyo vinauzuia, na mwishowe ubavu hupasuka kwa ufa wa wima. Wakati huohuo mbavu za droo, ambazo nazo zina nyuzi zinazolala, hubaki na urefu wake wa awali ndani ya kabati ambalo kina chake kimepungua. Matokeo yake ni droo zinazochomoza mbele kidogo, au zinazosukuma mbao za mgongoni. Ukikuta ufa wa ubavuni, droo zinazochomoza na vipande vya ndani vilivyopigiliwa kukata nyuzi, na vyote vitatu vinasimulia habari moja, basi una ushahidi wenye uzito. Ufa uliokatiza nyuzi, au ulioanza na kuishia mahali ambapo hakuna kilichoizuia mbao kusinyaa, unahitaji maelezo.

Nguvu ya pili ni mwanga na hewa. Mionzi ya jua huivunjavunja lignini, ambayo ndiyo dutu inayozishikamanisha nyuzi za mti, na hewa hubadilisha kemikali zilizomo kwenye uso wa mbao. Mbao za mjozi hupauka zikikaa muda mrefu juani, za mcheri hukolea, za mwaloni huelekea kahawia. Mabadiliko haya hukaa kwenye tabaka jembamba sana la juu, na hayalingani kila mahali. Kwa hiyo muombe muuzaji ruhusa ya kufungua kishikio kimoja cha droo. Chini ya bamba lake unapaswa kuona kivuli cha rangi tofauti, kwa sababu sehemu hiyo haikupata mwanga. Ukikuta rangi ni ileile ya nje, aidha kishikio ni kipya au rangi yote imepakwa karibuni. Tazama pia kama kuna matundu mengine yaliyozibwa, kwani vishikio vingi hubadilishwa kadiri mitindo inavyopita, na matundu yanayoonekana ndani ya uso wa droo hayana budi kuonekana nje pia, hata kama yamezibwa.

Kisha toa droo zote na uzipange sakafuni zikitazama juu. Zilinganishe aina ya mbao, rangi ya ndani, na meno yaliyokatwa ili kuzishikamanisha pembe zake. Meno yaliyokatwa kwa mkono huwa na tofauti ndogondogo za upana, na mara nyingi utaona mstari mwembamba ambao fundi aliuchora kwa ncha ya chuma kabla ya kukata. Meno ya mashine, ambayo yalienea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, hulingana yote. Droo moja ikiwa tofauti na wenzake, huenda ilitengenezwa upya au ililetwa kutoka kabati jingine. Ukingo wa chini wa mbavu za droo unapaswa kuwa umelika kwa kuburutwa, na ndani ya kabati kuwe na mifereji inayolingana na kulika huko. Ukipata droo iliyolika sana ikiteleza juu ya kipande kisicho na mkwaruzo, uliza sababu.

Mbao za ndani na za mgongoni kwa desturi hazikupakwa chochote. Zinapaswa kuwa kavu, zenye rangi ya kufifia isiyolingana, na mkono ukipita juu yake katika mwanga wa tochi unaotokea ubavuni utahisi mawimbi mepesi ya randa au mikwaruzo ya msumeno. Alama za msumeno wa mkono huwa mistari iliyonyooka isiyo na mpangilio kamili. Alama za upinde zinatokana na msumeno wa duara, ambao ulienea viwandani katika karne ya 19. Rangi ya kahawia iliyopakwa kwa brashi ndani ya kabati hunitia shaka kuliko karibu jambo jingine lolote, kwa sababu fundi wa zamani hakuwa na haja ya kupoteza rangi mahali pasipoonekana, lakini anayeficha mbao mpya anayo haja hiyo.

Kuhusu misumari na skrubu, zichukue kama shahidi mmoja katika kundi. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kutumika miaka ya 1930. Skrubu yenye ncha kali ya kujichimbia ilienea baada ya miaka ya 1840, na zile za kabla yake zilikuwa butu. Misumari ya mviringo inayokatwa kutoka kwenye waya ilitawala kuelekea mwisho wa karne ya 19. Hata hivyo kabati la kweli la kale linaweza kuwa na skrubu mpya kwa sababu lilitengenezwa lilipolegea, na kabati bandia linaweza kupigiliwa misumari ya zamani iliyong'olewa kwingine. Plaiwudi mgongoni inaweza kuwa matengenezo ya baadaye. Lakini plaiwudi iliyo sehemu ya muundo wenyewe haikubaliani na umri wa miaka 150, na MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, haikubaliani nao hata kidogo, kwani ni bidhaa ya nusu ya pili ya karne ya 20.

Turudi kwenye matundu yako. Matundu unayoyaona ni milango ambayo mdudu alitokea baada ya kukua, na kwa mdudu wa kawaida wa fanicha huwa na kipenyo cha milimita 1 hadi 2. Ndani yake njia hupindapinda, kwa hiyo waya mwembamba haupiti mbali. Ukiingia moja kwa moja kama kwenye bomba, tundu hilo huenda lilitobolewa kwa keekee. Ishara nyingine ni mifereji iliyolala wazi juu ya uso wa mbao. Mdudu hutafuna chini ya uso, na mifereji hiyo huonekana tu ikiwa mtu ameipasua au kuiranda mbao ambayo tayari ilikuwa imebunguliwa. Maana yake ni kwamba mbao ni ya zamani lakini kitu kilichoundwa kwayo kinaweza kuwa kipya. Na ukiona unga mweupe mpya ukidondoka, wadudu bado wamo. Usiliingize kabati hilo karibu na fanicha nyingine kabla halijatibiwa.

Baada ya uchunguzi huu, zungumza na muuzaji kwa uwazi. Mwombe aandike kwenye risiti umri anaodai, aina ya mbao na matengenezo anayoyafahamu. Muuzaji mwaminifu anaweza kusema "ninaamini ni la karne ya 19, ila droo ya chini imebadilishwa", na kauli ya namna hiyo ina thamani kubwa kuliko hadithi ndefu kuhusu familia iliyolimiliki. Akikataa kuandika, lipa kile ambacho ungelipa kwa kabati imara lililotumika, au uliache. Akikataa hata kukuruhusu kutoa droo, usinunue.

Ukilinunua, nakusihi usilipige msasa. Nimekueleza kuwa rangi ya uzee hukaa kwenye tabaka jembamba la juu. Msasa huondoa tabaka hilo ndani ya dakika chache, na hakuna dawa inayoweza kulirudisha. Pamoja nalo huondoka ushahidi wote wa mwanga, mikono na randa, na kabati lililosuguliwa hivyo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake machoni pa wanaojua. Anza kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Kisha jaribu mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, upakaushe papo hapo. Nta ya nyuki ya fanicha, ikipakwa nyembamba na kusuguliwa kwa kitambaa safi, mara nyingi hurejesha mng'ao ambao hukutarajia ulikuwa chini ya vumbi.

Kama polishi imeparara, inafaa kujua ni ya aina gani kabla ya kuamua. Shelaki, ambayo hutokana na utomvu wa mdudu na ilitumika sana katika karne ya 19, hulainika kwa tone la spiriti. Vanishi ya poliyurethani haishtuki. Jaribio hili lifanyike baada ya kununua, chini ya kabati, kwa ncha ya pamba. Shelaki iliyopasuka huweza kuunganishwa upya bila kuondolewa, lakini kazi hiyo inahitaji mkono uliozoea. Ikithibitika kuwa kabati ni la juzi tu, uamuzi ni wako na vanishi mpya haitakuwa kosa. Isipokuwa jambo moja: fanicha yenye rangi ya zamani ya mafuta usiisugue ikiwa kavu, maana rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978 tu. Vumbi lake huharibu ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo.

Sasa meza yako. Mchanganyiko wa siki na chuma unafanya kazi kwa sababu asidi ya siki huyeyusha chuma, na chuma hicho kikikutana na tanini iliyomo kwenye mbao huzaa rangi ya kijivu au nyeusi ndani ya nyuzi zenyewe. Mwaloni una tanini nyingi. Msonobari unayo kidogo sana, na ndiyo sababu wengi hukata tamaa wanapoona meza yao imekuwa na kijivu kilichofifia. Suluhisho ni kuipaka kwanza chai kali isiyo na sukari, ambayo ina tanini, kuiacha ikauke, ndipo upake mchanganyiko wako. Loweka nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zilizooshwa mafuta yake, ndani ya siki kwa siku chache, na usikaze kifuniko cha chupa kwa sababu gesi ya haidrojeni hutoka humo. Chuja, kisha jaribu kwenye kipande cha mbao ileile. Rangi huendelea kukolea kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiongeze koti la pili kwa haraka. Kama meza tayari ina vanishi, maji haya hayatapenya, na itabidi vanishi iondolewe kwanza.

Mnyororo siupendi. Unapoupiga mezani huacha alama zinazofanana, zilizotawanyika sawasawa, ilhali matumizi ya kweli hayagawi majeraha kwa usawa. Jiulize mikono ingeshika wapi, viti vingegonga wapi, miguu ingekanyaga kipande kipi. Ukingo ulio mbele ya mkaaji hulainika na kuwa mviringo; pembe hugongwa; miguu ya meza huchakaa karibu na sakafu kwa fagio na maji; chini ya meza, kwenye pembe za ndani, hakuna kinachogusa. Lainisha sehemu hizo kwa randa na msasa, ongeza vikwaruzo vichache kwa funguo au kwa jiwe, kisha uache. Kazi hii hufanywa kabla ya rangi, ili rangi iingie kwenye majeraha. Baada ya rangi kukauka, paka shelaki nyembamba, kisha nta iliyokolea rangi kwenye pembe na mifereji, na uifute juu ya sehemu zilizoinuka. Tofauti ndogo kati ya pembe nyeusi na kingo zilizopauka ndiyo inayolipatia jicho hisia ya miaka.

Kuna hatari ambazo sitazipunguza uzito. Kitambaa kilichoingia mafuta ya kitani huzalisha joto kinapokauka na huweza kuwaka chenyewe kikiachwa kimekunjwa. Kitandaze nje au kitie ndani ya maji. Usichanganye kamwe amonia na dawa yoyote yenye klorini, kwa sababu gesi inayotoka hudhuru mapafu. Baadhi ya maelekezo ya zamani hupendekeza potasiamu daikromati kwa ajili ya kukoleza mbao. Ni sumu inayosababisha saratani, na hakuna meza inayostahili hatari hiyo.

Ukimaliza, andika chini ya meza kwa wino usiofutika mwaka iliotengenezwa na kwamba rangi yake imezeeshwa. Meza hiyo inaweza kuishi kuliko wewe, na atakayeirithi au kuinunua baadaye hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Mwaka 2016 Ufaransa ilitikiswa na kashfa ya viti ambavyo kasri la Versailles lilivinunua kama vya karne ya 18, kumbe vilitoka kwenye karakana ya fundi stadi wa siku hizi. Ustadi wa fundi huyo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni kuuza bila kusema.

Kuna hali ambazo jibu langu la maandishi halitoshi. Ikiwa bei inayoombwa ni ya kukuumiza ukikosea, mlipe mthamini asiye na nia ya kulinunua wala kuliuza kabati hilo, na ambaye malipo yake hayategemei thamani atakayoitaja. Ikiwa unga wa wadudu ni mpya, tafuta mtaalamu wa wadudu kabla ya kulisafirisha. Ziko njia za kugandisha au za joto ambazo haziharibu polishi, ila huhitaji vifaa maalumu. Ikiwa kuna vipande vya pembe za ndovu, au mbao zinazodhaniwa kuwa za mti wa Dalbergia nigra wa Brazili, ambao uko chini ya ulinzi mkali kabisa wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, tangu 1992, ulizia mamlaka husika kabla ya kulivusha mpaka wowote. Na ule ufa wa ubavuni usiuzibe kwa gundi wala usiubane kwa vibano. Mpe fundi wa kukarabati fanicha za kale autazame kwanza, kwa maana ukiulazimisha kufunga huku vipande vya ndani vikiendelea kuuzuia, mbao itapasuka upya pembeni yake.